Kutoka Kwenye Ajira Kuingia Kwenye Huduma: Mwongozo kwa Familia Nzima

Barua ya kuacha kazi huandikwa mwisho. Wengi huanza nayo: mtu katoka kwenye mkesha, moyo unawaka, Jumatatu yuko mbele ya bosi, na Jumatano mkewe anaisikia habari kwa jirani. Mwongozo huu unaupindua mwendo huo. Nawaandikia baba na mama wenye watoto na kazi au biashara, wanaoamini kwamba Mungu anawaita kwenye utumishi wa wakati wote, uwe uchungaji, uinjilisti, kupanda kanisa au misheni ya ndani ya nchi. Mimi ni mke wa mchungaji, Tanzania, kwa hiyo sheria na mifuko nitakayoitaja ni ya huku. Msomaji wa Kenya au Burundi abadilishe majina, maswali hayabadiliki.

Nasema familia kwa makusudi. Makanisa yetu humhoji mmoja, humsomesha mmoja na humwekea mikono mmoja, kisha hutegemea kazi ya nyumba nzima. Mama atapika kwa ajili ya wageni wa jimbo, watoto watahama shule, na mlango utagongwa saa tano za usiku. Watakaoubeba mzigo wote wahusike tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: fanyeni wanafunzi hapo hapo mlipo

Kabla hamjajiuliza mtahudumu wapi, jibuni hili: yuko nani leo anayemfuata Yesu kwa karibu zaidi kwa sababu alikaa sebuleni kwenu? Kama hayupo, wito wenu unaweza kuwa wa kweli kabisa, ila bado haujapimwa. Na kipimo hiki hakihitaji ruhusa ya dayosisi wala cheti cha chuo.

Chagueni watu wawili au watatu, msizidishe. Kijana wa kwaya ambaye haijulikani anaelekea wapi, mume na mke waliofunga ndoa juzi, mlinzi wa ofisini kwenu. Wekeni jioni moja kwa wiki. Anzeni na Injili ya Marko: ina sura 16, na mkisoma sura moja kila wiki mtaimaliza kwa miezi minne hivi. Msomaji awe yeyote anayejua kusoma, hata mtoto wenu wa darasa la tano. Mtashangaa atakavyouliza maswali ambayo watu wazima wameyakwepa.

Jioni yenyewe iende hivi. Kwanza, kabla ya kufungua Biblia, kila mmoja aulizwe alichoahidi wiki iliyopita. Aliyesema atamrudishia jirani jembe na kumwomba radhi, mwulizeni: jembe liko wapi? Hapo ndipo vikundi vingi hufa, kwa sababu kuulizana hivi kunatia aibu, na sisi ni watu wa kusitiriana. Lakini bila swali hilo mtakuwa mmeanzisha ibada nyingine ya katikati ya wiki, na hizo kanisani zipo za kutosha. Halafu someni sura, kisha mjadili mambo matatu: sura inasema nini, inanidai nini mimi, nitamweleza nani kabla hatujakutana tena. Mwisho kila mtu aseme jambo moja atakalofanya, liandikwe kwenye daftari, muombe, mnywe chai. Saa moja na nusu inatosha. Baba mwenye kipaji cha kuhubiri ajizuie, mahubiri ya dakika arobaini sebuleni huwafunga wengine midomo.

Mama asiwe mtu wa chai tu. Aongoze zamu yake, au awe na kikundi chake cha wanawake. Kama hapendi kabisa jambo hili, mmejifunza kitu muhimu mapema, na kwa bei nafuu.

Mtajuaje kwamba kazi imeshika? Katika 2 Timotheo 2:2 Paulo anamwambia Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, nao wawafundishe wengine. Hesabuni hapo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni vizazi vinne. Ninyi angalieni cha tatu. Yule mlinzi akianza kumsomea Marko mwenzake wa zamu ya usiku, bila kutumwa nanyi, hapo mna jambo la kuwapelekea wazee. Ukipita mwaka na hakuna aliyepata mtu wake wa kumfundisha, msiache kazi. Rudini kwenye daftari mwone palipolegea. Posho ya kanisa haimgeuzi mtu asiyefanya wanafunzi kuwa mfanya wanafunzi. Humpa muda zaidi tu wa kutofanya.

Hatua ya pili: mume na mke, kila mmoja na karatasi yake

Agano Jipya linatupa Prisila na Akila. Walitoka Roma Kaisari Klaudio alipoamuru Wayahudi waondoke, wakafika Korintho wakishona mahema, wakahamia Efeso, na huko wakamchukua Apolo na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18). Kila wanapotajwa, wanatajwa wote wawili, na mara mbili tunasoma juu ya kanisa lililokutana nyumbani kwao. Upande mwingine yuko Zipora. Katika Kutoka 4 Musa anampandisha juu ya punda pamoja na wanawe, safari ya Misri imeanza. Tunapofika sura ya 18, Yethro ndiye anayemrudisha Zipora na watoto kwa mumewe, kwa sababu Musa alikuwa amemrudisha kwao. Kwa hiyo mwitwa anaweza kufika aendako na familia ikawa haipo naye. Lisomeni jambo hilo pamoja, polepole.

Kisha kila mmoja achukue karatasi, akae chumba chake, na ajibu bila kuchungulia ya mwenzake:

- Nini hasa kinanifanya niamini kwamba sisi, si mwenzangu peke yake, tumeitwa?
- Kitu gani nitakikosa sana tukiondoka hapa?
- Nini siko tayari kukifanya kama mke au mume wa mtumishi?
- Kiasi gani cha fedha kwa mwezi kikipungua nitaanza kukosa usingizi?
- Tukishindwa, tutajuaje, na tutarudi wapi?

Badilishaneni karatasi jioni. Msijibizane siku hiyo, someni mlale. Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Yuko mama atakayeandika kwamba hawezi kuishi na wageni wasiotoa taarifa, na yuko baba atakayeandika kwamba hatakubali mshahara wa mkewe ulishe nyumba. Afadhali hayo yajulikane sasa kuliko mwaka wa pili mkiwa kituoni kule Sikonge, Tabora.

Jibu la "nitakufuata popote" msilipokee kama ridhaa. Katika nyumba nyingi ni heshima tu, au uchovu. Mwenye kusema hivyo aombwe kwa upole ajaze maswali mengine manne. Na mmoja akisema hapana, msimamo wangu ni kungoja. Wekeni tarehe ya kulirudia, labda baada ya miezi sita, na katikati hapo asihubiriwe kwa mlango wa nyuma: asiletewe nabii wala asitumiwe klipu za mahubiri kila asubuhi. Wito wa Mungu hauharibiki kwa kungojwa. Ndoa huharibika kwa kuburutwa.

Neno kwa wenye ajira mbili: mama akiwa muuguzi au mwalimu wa serikali, msikimbilie kuacha zote. Aombe uhamisho wa kumfuata mwenzi. Huchukua muda na safari za halmashauri, lakini mshahara mmoja unaobaki si upungufu wa imani. Umelisha wachungaji wengi kuliko tunavyopenda kukiri hadharani.

Watoto, wazazi, ukoo

Watoto waambiwe mapema, kwa lugha yao, na msiwaahidi yasiyo mikononi mwenu. "Mungu atakupa marafiki wengine" ni ahadi isiyo yenu kuitoa. Mwulizeni kila mmoja anachoogopa. Kwa upande wa shule, muhula wa kwanza unaanza Januari, na mitihani ya kitaifa ya darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne ina usajili wake, hivyo hameni Desemba, na mtoto wa darasa la mtihani amalizie alipo, hata kama ni kwa shangazi.

Wazazi ni kazi ya kwenda kwa miguu. Kama wewe ndiye mzaliwa wa kwanza unayelipia wadogo zako ada na dawa za mama za presha, usiwape habari kwa simu. Nenda nyumbani na mwenzi wako, ikiwezekana mchukue mzee wa kanisa mwenye mvi. Eleza nini kitaendelea kutoka mkononi mwako na nini kitapungua, kwa tarakimu. Mzee anaweza kukasirika, na hasira yake mara nyingi ni swali la nani atamzika. Mjibuni. Paulo mwenyewe anasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Kutaja wito hakufuti mstari huo.

Hatua ya tatu: hesabu

Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Na ninyi ketini. Leteni kalamu, hati za mishahara, na madeni yote, hata yale ambayo mwenzako hayajui. Usiku huo utakuwa mrefu.

Anzeni na madeni. Mkopo wa SACCOS au wa benki unaokatwa kwenye mshahara hautakoma mshahara ukikoma. Utahamia kwa wadhamini wako. Sasa fikiria mwalimu mwenzako aliyekusainia anakatwa kila mwezi wakati wewe unapokea picha za ubatizo mtoni. Hiyo si injili, na katika mji mdogo habari hiyo itafika usharikani kwako kabla yako. Lipeni kwanza, au mfikie makubaliano ya maandishi na chama. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nalo halifi kwa kuacha ajira. Itaarifu Bodi na upange namna ya kulipa. Vikoba na upatu, malizieni mzunguko.

Pili, mfuko wa hifadhi ya jamii. Chukueni taarifa ya michango NSSF (sekta binafsi) au PSSSF (watumishi wa umma) kabla ya neno lolote kazini. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Aliye na michango ya miezi 160 anapaswa kujua kwamba miezi 20 ya subira inaweza kumpatia kitu cha kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Ulizeni pia kama inawezekana kuendelea kuchangia mkiwa mmejiajiri, na kama kanisa litawachangia. Msijenge mpango juu ya matumaini ya kuchukua mafao yote siku ya kuondoka. Aliyeacha mwenyewe na aliyeachishwa hawatazamwi sawa, hivyo mwulize ofisa dirishani, si rafiki kwenye kundi la WhatsApp.

Tatu, bima. Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ya mwajiriwa inamhusu yeye, mwenzi na wategemezi, na inasimama juu ya ajira. Macho ya mtoto, meno, ule uvimbe ambao mama anauahirisha, vishughulikiwe sasa.

Nne, nyumba au kiwanja. Msiuze. Najua kuna ushuhuda wa waliouza vyote, na siupingi, lakini nimewaona pia wachungaji wanaostaafu, wanatakiwa kuiachia nyumba ya kanisa ndani ya miezi, na hawana pa kuweka kitanda. Pangisheni. Na kama mume ameshapata mteja, akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi.

Tuchukue mfano. Mwalimu anapokea mkononi shilingi 750,000, mkewe anauza vitenge na kupata kama 200,000 kwa mwezi. Huko waendako ameahidiwa posho ya 250,000 na nyumba. Matumizi yao mapya: chakula 300,000, ada ya mtoto wa bweni 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi, umeme, maji na nauli 80,000, mama mzazi 50,000, matibabu na dharura 60,000. Vitenge msivihesabu kwa miezi sita ya kwanza, kwa sababu wateja hawahami na mfanyabiashara. Fungu la kumi la posho ni 25,000. Jumla 615,000, kipato 250,000, pengo 365,000 kila mwezi. Kwa miezi sita ni 2,190,000, na lori la kuhamia halijaguswa.

Pengo likijulikana linaweza kuzibwa. Familia kumi zikichangia 10,000 kila moja, limebaki 265,000. Mtoto wa bweni akikubali kuhamia shule ya kutwa ya serikali, ambayo haina ada, linakuwa 165,000, na kwa miezi sita mnahitaji akiba ya 990,000. Hiyo inawezekana kuiweka kwa mwaka mmoja mkianza sasa kuishi kwa bajeti ya huko mkiwa bado mnapokea mshahara wa huku. Fanyeni hivyo hata kwa miezi mitatu. Ni jaribio zuri kuliko mfungo wowote, na wazee wa ukoo wataliona.

Hatua ya nne: mtumwe, msijitume

Barnaba na Sauli walikuwa tayari wanahudumu Antiokia, kanisa likiwa linafunga na kuomba, walipotengwa kwa kazi ile. Ndugu wakawawekea mikono wakawaacha waende (Matendo 13). Kwa hiyo nendeni kwa mchungaji wenu na mpelekeeni daftari la kikundi na karatasi ya hesabu. Mkienda na ndoto tu, atawaombea na kuwaaga. Mkienda na watu watatu wanaofundisha wengine, atalazimika kufikiri.

Kutoka hapo njia inategemea kanisa. Kwenye KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, jina lako huanzia kwa wazee wa usharika, likapita jimboni hadi dayosisi, na dayosisi ndiyo inayopeleka chuoni. Wainjilisti wengi wamepitia vyuo vya Biblia kama Mwika kule Kilimanjaro au Kidugala, Njombe, na wachungaji wengi wamepitia Makumira, karibu na Usa River. Waanglikana nao wana Kongwa na Msalato, mkoani Dodoma. Makanisa ya Kipentekoste mara nyingi humjaribu mtu kwanza kwenye kanisa changa, kisha humpeleka chuo cha Biblia. Njia zote ni ndefu kuliko mnavyotaka. Urefu huo una faida: asiyevumilia barua mbili za dayosisi kuchelewa hatavumilia baraza la wazee linalogombania rangi ya bati.

Kabla ya kukubali kituo, ulizeni kwa maandishi: posho ni kiasi gani na hulipwa na nani, usharika au dayosisi? Ikichelewa, nani aulizwe? Nyumba ina choo, maji, mlango unaofungwa? Kuna mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu? Likizo ni lini? Mtumishi akifariki, mjane na watoto wanapewa muda gani ndani ya nyumba? Mtaonekana wapenda fedha. Ulizeni hivyo hivyo, na swali la mjane liulizwe na mume.

Wanaotaka kuanzisha huduma yao wenyewe, taasisi ya dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na inahitaji katiba na viongozi halisi, sio mume, mke na shemeji. Kama sababu ya kuanzisha ni ugomvi na mchungaji wenu, pataneni kwanza. Kanisa lililozaliwa kwa kinyongo hulea watoto wa kinyongo.

Wachangiaji wenu muwatafute ana kwa ana, nyumba kwa nyumba, na fedha apokee mtu mwingine: mhasibu wa usharika au mzee mwaminifu, kwa laini ya simu isiyo ya mtumishi. Kila mwezi watumieni ukurasa mmoja. Waandikieni ya kushindwa pia. Mchangiaji anayesoma kila mwezi kwamba mambo ni moto, mwaka wa pili huhisi maombi yake hayahitajiki, wala yeye mwenyewe hahitajiki.

Na iko njia ya kutoacha kazi kabisa. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi mwaka 1972, alihama Uganda mwaka 1946 pamoja na mkewe Mera, wakaja Dodoma, na huko akafundisha shule kwa miaka mingi huku akishuhudia kama ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda. Hakuwa na kola ya kichungaji wakati huo. Alikuwa na chaki, ndoa iliyoamsha maswali kwa majirani, na ushirika wa ndugu wanaoungamana dhambi waziwazi. Kama wito wenu ni kufanya wanafunzi mahali pasipo na kanisa, uhamisho wa kikazi kwenda wilaya hiyo unaweza kuwafikisha mapema kuliko chuo. Mimi ningelifikiria hili kabla ya hayo mengine yote.

Mkiamua kuacha, fuateni sheria hata kwenye kuondoka. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Mtumishi wa umma ana utaratibu wake. Kabidhi ofisi vizuri, mali kwa mali. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako.

Chuoni

Kifupi: ikiwezekana msitengane zaidi ya muhula. Mama asome naye, hata kozi fupi ya uongozi wa wanawake au malezi ya watoto kanisani. Vyuo vingi vina nafasi kwa wake wa wanachuo, na visipotangaza mwombe. Kikundi cha sebuleni kisife kwa sababu mnasoma theolojia. Kuna wanaoingia chuoni wakiwa na wanafunzi na kutoka wakiwa na vyeti.

Kuhamia kituoni

Beba vitu vichache kuliko unavyofikiri. Seti ya makochi ya ngozi ikishushwa mbele ya usharika wa wakulima hutoa hubiri kabla yako. Chukueni magodoro mazuri, vyandarua, ndoo zenye mifuniko, sufuria kubwa ya wageni, jembe, taa ya sola.

Siku za kwanza msalimieni mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji, mkijitambulisha nyumba nzima. Kisha wazee wa kanisa mmoja mmoja nyumbani kwao, na mjane mkongwe kuliko wote. Huyo anajua historia ya kila ugomvi. Majirani Waislamu msiwaruke. Karibu kila kijiji cha pwani na vingi vya bara vina misiba na arusi za mchanganyiko, na ukaaji wenu msibani ndio utakaowatambulisha.

Miezi mitatu msibadilishe kitu. Sikilizeni.

Juu ya vitu mtakavyopewa: Jumapili, baada ya ibada, kuna mnada wa sadaka. Mkungu wa ndizi, mayai kumi kwenye kibakuli, jogoo aliyefungwa miguu chini ya mwembe akipigiwa dau na vijana. Baba mchungaji asinunue kila wiki kwa bei ya kutupa, watu wanaona. Mama naye atapelekewa kitoweo mlangoni. Pokea, shukuru, mrudishie chombo kikiwa na kitu ndani. Lakini msikope dukani kwa muumini. Daftari la deni la duka hilo husomwa na kila anayekuja kununua sukari, na siku mtakapolazimika kumrudi mwenye duka kwa jambo lake, hamtakuwa na mdomo.

Mwaka wa kwanza ndani ya nyumba

Chagueni siku ya mapumziko, tangazeni kanisani, mkae nayo. Jumatatu inawafaa wengi. Atakayefiwa mtamwendea, anayetaka saini ya barua atasubiri Jumanne.

Ushauri wa wanandoa na wa wanawake usifanyike usiku wala baba akiwa peke yake. Mama awepo, au mlango wa ofisi uwe wazi na mzee wa kanisa awe nje. Wengine watasema hamuwaamini waumini. Waacheni waseme.

Watoto wenu wasifanywe mifano ya mahubiri. Mtoto akikataa kuimba kwaya, amekataa kama mtoto wa mtu yeyote. Ibada ya nyumbani iendelee fupi, dakika kumi na tano, na zamu ya kuongoza iwafikie wote. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema wafundishwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, hivyo safari ya kisimani inahesabika.

Na kile kikundi kianzeni upya, mwezi wa nne au wa tano, watu wawili au watatu, Marko, daftari, jembe la jirani. Shughuli za usharika zitakula kila jioni mkiziruhusu: kamati ya ujenzi, harambee, kipaimara, maziko. Jioni ya kikundi iwekwe kwenye kalenda ya usharika kabla ya kamati.

Mwezi wa kumi na mbili rudini kwa wale waliowatuma. Msiende na ripoti ya mahudhurio tu. Kila mmoja wenu, hata mtoto mkubwa, azungumze nao faragha bila wengine, dakika ishirini hivi. Litolewe jibu moja kati ya matatu: endeleeni, badilisheni kituo, au rudini nyumbani kwa heshima. Hilo la tatu liandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kutumwa, pamoja na nani atagharimia lori la kurudi, na muuguzi au mwalimu aliyeko kwenye huduma aendelee kuhuisha leseni yake kila inapodaiwa.